Bonyeza Ndiyo: Mwongozo wa Kuigawa Kompyuta Yako Bure

Miongozo ya kujikinga na programu chafu imejaa tele, na yote inarudia mambo yaleyale: kuwa makini, soma kwanza, usibonyeze ovyo. Hakuna aliyewahi kumfikiria mtu wa upande wa pili, yule ambaye kompyuta yake imetulia mno. Akiomba ukurasa anapewa huohuo na si mwingine. Haimpigii kelele, haimtangazii dawa ya kupunguza kitambi, haimwambii kwamba ameshinda iPhone. Mtu huyo anaishi katika ukimya mkubwa, na mwongozo huu ni wake.

Kabla ya yote, uwe na haraka. Mtu asiye na haraka huona vitu, na ukishaona vitu kazi imeharibika. Hali inayofaa ni hii: saa kumi na moja kasoro jioni, bosi anataka barua, faili iko katika PDF na inatakiwa iwe Word. Au uko steshenari, mteja kasimama nyuma yako na CV yake kwenye flashi, bodaboda wake ananguruma nje. Andika shida yako Google, kisha fungua tokeo la juu kabisa, lile lenye kineno kidogo kinachokiri kwamba limelipiwa. Utafika kwenye ukurasa wenye vitufe vitano vya kijani, vyote vimeandikwa "Pakua". Chagua kikubwa. Kikiwa kinametameta, usisite hata kidogo. Kile ulichokifuata kwa kweli mara nyingi kimejificha chini kule, mstari mwembamba wa kijivu, kwa kuwa mwenye tovuti hapati kitu ukibonyeza hapo. Vile vya kijani ni matangazo, na kila anayejikwaa kwavyo anamwachia senti kadhaa.

Kisakinishi kikifunguka, utaulizwa njia mbili. Moja ni "ya haraka, inayopendekezwa". Ya pili ni "maalumu, kwa wataalamu". Neno wataalamu limewekwa pale ili ujione hufai, nawe kubali kwamba hufai. Ukweli ni kwamba hakuna utaalamu wowote ndani yake. Ni orodha tu ya vitu vitakavyoingia pamoja na ulichoomba, vyote vimeshawekewa tiki, na anayefungua njia hiyo anaweza kuzitoa. Anayepita njia ya haraka anabonyeza Endelea, Endelea, Nakubali, Maliza, na kwa mibonyezo hiyo minne amepokea upau wa utafutaji, "kiongeza kasi", ukurasa mpya wa mwanzo, na kiendelezi cha kulinganisha bei za maduka ya Marekani yasiyoleta mzigo Mbagala. Kila kimoja kina mlipaji wake: wenye programu hizo humlipa mwenye kisakinishi kwa kila kompyuta zinakoingizwa. Kompyuta yako imeuzwa mara nne chai haijapoa, na fungu lako halipo.

Msomaji atasema: haya ni mambo ya wahuni, mimi hupakua kwa kampuni zenye majina. Vizuri sana, endelea hivyohivyo. Kwa miaka kadhaa mtu aliyeweka Java kwenye Windows, bidhaa ya Oracle, kampuni kubwa yenye heshima zake, alikuta tiki imeshawekwa kumwalika upau wa utafutaji wa Ask. Aliyeiondoa alipumzika mpaka Oracle ilipotoa marekebisho ya usalama, na tiki ikarudi. Tafakari hilo polepole: ili kompyuta yako iwe salama, ilikubidi ukatae upya kila mara kitu ambacho hukukiomba hata mara moja. Januari 2013 mwandishi wa teknolojia Ed Bott alieleza kwamba kisakinishi cha Ask, baada ya Java kumaliza, kilikuwa kinakaa kimya dakika kumi nzima ndipo kijiweke. Aliyejishtukia akaenda kukagua papo hapo hakukuta kitu, akarudi kazini ameridhika. Nimesoma mengi kuhusu ulaghai wa mitandaoni, lakini hizo dakika kumi ndizo ninazozivulia kofia. Kuna mtu, katika ofisi yenye kiyoyozi, alikaa akapiga hesabu ya muda ambao binadamu huendelea kushuku.

Sasa dalili za mafanikio. Utafungua kivinjari na kukuta ukurasa wa mwanzo usioufahamu, wenye kisanduku cha kutafutia kinachofanana na cha Google kwa mbali, na jina lenye maneno matamu ya kutafuta, kulinda na kurahisisha. Utaurudisha wa zamani. Kesho mpya utakuwepo. Usishangae. Mtekaji wa kivinjari haishi mahali pamoja. Huenda amejiweka kama kiendelezi, na amejiandika pia kwenye ile ikoni unayoibonyeza kila siku: ukiibonyeza kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kutazama sifa zake, baada ya jina la programu utakuta mkia wa anwani ya tovuti yake. Hata uiondoe na kuiweka upya Chrome, ukitumia ikoni ileile atakupokea mlangoni.

Dalili ninayoipenda zaidi ni ile ya Chrome kukuarifu, chini kabisa ya menyu, kwamba kivinjari chako kinasimamiwa na shirika lako. Kama umeajiriwa na kompyuta ni ya ofisi, sawa. Lakini wewe ni mfugaji wa kuku wa Kibaha, kompyuta ulinunua mwenyewe kwa mkono wa pili, na shirika pekee unalolijua ni la umeme. Hongera, umepata mwajiri. Programu fulani imetumia utaratibu uliowekwa kwa ajili ya wasimamizi wa kompyuta za makampuni, na kwa hiyo kile kiendelezi hata ukitafuta kitufe cha kukiondoa, hukioni.

Watekaji hawa wanapata nini? Kila utafutaji wako unapitishwa kwao, na matangazo utakayobonyeza yanawaingizia mgawo. Walio hodari hawagusi hata kivinjari. Novemba 2011 watu sita walikamatwa Estonia katika kesi ya kirusi kilichoitwa DNSChanger. Kilichokuwa kimebadilishwa ni seva za DNS tu, zile zinazogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Mtu alibonyeza tovuti ya mamlaka ya kodi ya Marekani akatua kwa H&R Block, kampuni binafsi inayoandaa hesabu za kodi, bila ya kelele wala dirisha jekundu. FBI ilikadiria kompyuta milioni 4 katika nchi zaidi ya 100, na mapato ya dola milioni 14 angalau. Kilichofuata ni kichekesho chenyewe: kuzima seva za wezi kungewakatia intaneti wote walioibiwa, hivyo kwa amri ya mahakama zikawekwa seva safi mahali pake na kuendeshwa hadi tarehe 9 Julai 2012, ili watu wapate muda wa kusafisha kompyuta. Serikali ya Marekani ikajikuta inahakikisha walioibiwa wanaendelea kuhudumiwa kwenye anwani za mwizi.

Haya yote ni utangulizi. Mwenye kutaka raha kamili sharti apate antivirusi bandia.

Antivirusi bandia ni mganga anayefukia hirizi uani kwako usiku, kisha asubuhi anabisha hodi kukuambia kwamba nyumba hii ina hirizi na kwa ada ndogo ataichimbua. Utamtambua kwa haraka yake. Dirisha linaibuka, jekundu, king'ora kinalia, mstari wa kijani unakimbia, na ndani ya sekunde kumi umekaguliwa kompyuta nzima na virusi 312 vimepatikana. Antivirusi ya kweli hutumia nusu saa au zaidi na hurudi na jibu la kuchosha: hakuna kitu. Usiridhike na jibu la namna hiyo. Na endapo unatumia simu, na dirisha hilo linakuonyesha virusi vilivyoko kwenye diski C, ndani ya folda ya Windows, usijiulize simu ya Android imepata wapi diski C. Maswali ya aina hiyo ndiyo yaliyowafilisi wengi katika biashara hii.

Mbinu yenyewe ina umri. Kampuni ya Bonzi, ile ya sokwe wa zambarau aliyekaa kwenye skrini akiimba na kutania, ilitumia matangazo yenye sura ya onyo la Windows. Ikashtakiwa, na mwaka 2003 ikakubali kuyaandika waziwazi kwamba ni matangazo. Walioichukua fani hiyo na kuipeleka chuo kikuu ni Innovative Marketing, kampuni iliyosajiliwa Belize na kufanya kazi zake Kyiv. Bidhaa zao zilikuwa na majina ya kutia moyo: WinFixer, DriveCleaner, WinAntivirus, XP Antivirus. Ziliuzwa kati ya dola 30 na 70. Mwaka 2008 Tume ya Biashara ya Marekani ilipowafikisha mahakamani, ilisema wanunuzi walizidi milioni moja. Mashtaka ya jinai yaliyofuata mwaka 2010 yalitaja wahanga katika nchi zaidi ya 60 na hasara iliyopita dola milioni 100. Walikuwa hata na huduma kwa wateja. Ulipoona kwamba ulichonunua hakifanyi kitu, ulipiga simu, na mtu mwenye sauti ya upole alikutuliza usiende kulalamika benki. Mwaka 2012 mahakama iliamuru mmoja wa wahusika alipe dola milioni 163. Ni mafundi wangapi wa halali unaowajua wenye dawati la malalamiko?

Wenye Mac walikuwa wakitucheka. Mei 2011 wakapata ya kwao, MacDefender, ambayo pamoja na kukagua na "kugundua" ilikuwa ikifungua yenyewe kurasa za ngono kwenye skrini, ili mwenye kompyuta aamini kweli kwamba ameambukizwa. Vuta picha ya mhasibu wa parokia anayemwonyesha paroko mahesabu ya mwezi. Atalipa, na hataomba risiti.

Kwa wanaopenda unyoofu, nawapendekezea Virus Shield. Iliuzwa kwenye duka la Google mwaka 2014 kwa dola 3.99, ikapakuliwa zaidi ya mara elfu kumi, ikashika nafasi za juu. Ilikuwa na ngao yenye alama ya kosa. Ukiigusa, alama inageuka kuwa tiki. Basi. Hakuna kingine kilichokuwemo, na waandishi wa Android Police walipofungua msimbo wake walithibitisha hivyo. Iliahidi kwamba haitamaliza betri, na ahadi hiyo ilitimia kikamilifu. Google iliwarudishia wanunuzi fedha zao.

Miaka mitano baadaye maabara ya AV-Comparatives ya Austria ilizijaribu antivirusi 250 za Android kwa programu hatari 2,000. Zilizoweza kutambua zaidi ya asilimia 30 bila kusingizia programu safi zilikuwa 80 tu. Nyingine hazikuwa zinachunguza chochote. Zilibeba orodha ya majina yaliyoruhusiwa, na lolote lisilokuwemo likaitwa kirusi. Baadhi ya watengenezaji walisahau kujiandika wenyewe kwenye orodha, na hivyo antivirusi ilipowashwa ilijikagua, ikajitangaza kuwa ni hatari. Katika soko lote lile, hizo ndizo nilizoziamini.

Ukiona aibu kutapeliwa na mashine, nenda kwa binadamu. Office Depot, maduka makubwa ya vifaa vya ofisi Marekani, yalikuwa na huduma ya bure ya kupima afya ya kompyuta. Mwanzoni uliulizwa maswali manne: je, inaenda polepole, inakwama, inatoa madirisha ya matangazo, umewahi kuonywa kuhusu virusi? Ukiitikia hata moja, majibu yalikuwa yameshaandaliwa kwamba kuna dalili za maambukizi, hata kipimo kikikuta nini. Kisha ukauziwa matengenezo. Mwaka 2019 Office Depot na Support.com, waliotengeneza kipimo hicho, walikubali kulipa dola milioni 35 kumaliza shauri. Fikiria kompyuta isiyoenda polepole. Hata ya rais.

Tuje kwenye simu, maana ndiyo kompyuta ya wengi wetu, na huku uwanja ni mpana zaidi. Unakaa nayo ikiwa na bando, ikiwa na salio, na pengine fedha ya simu humohumo.

Njia rahisi ni kutazama mpira. Siku ya Simba na Yanga tafuta tovuti inayoonyesha mechi bure. Kabla ya mechi utaambiwa: "Bonyeza Ruhusu kuthibitisha kwamba wewe si roboti." Jaribio la kweli la roboti linakutaka utie tiki au uchague picha za taa za barabarani, halihitaji ruhusa ya kukuletea arifa. Hili linahitaji hilo tu. Bonyeza. Mechi hutaiona, ila kuanzia usiku huo arifa zitamiminika. Siku ya matokeo ya kidato cha nne mambo ni hayohayo kwa tovuti zinazodai kuwa na matokeo kabla ya baraza la mitihani, NECTA.

Kisha mrudishie mama simu yake, na mama aipeleke kwa fundi Kariakoo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu nitazamie hii simu, inasema ina virusi kumi na tatu."

"Nani kasema?"

"Yenyewe. Tangu alfajiri inasema."

Fundi anaishusha arifa kwa kidole, anamwonyesha ile ikoni ndogo ya Chrome pembeni. "Siyo simu inayosema, mama. Ni tovuti ya mpira iliyopewa ruhusa."

"Mpira? Mimi nitazame mpira?"

Mjukuu aliyemsindikiza anasoma kwa makini bei za chaja ukutani.

Fundi mwema atakwenda kwenye mipangilio ya Chrome, kwenye arifa, aizime ile tovuti, na kazi itaisha kabla mama hajafungua pochi. Fundi wa mwongozo huu atavuta pumzi, atatikisa kichwa, atasema ni "kuflashi" simu nzima, njoo kesho.

Njia nyingine ni kuweka WhatsApp ya kienyeji, zile za GB na FM zinazokuwezesha kusoma ujumbe ambao mwenzako ameshaufuta. Hazipatikani Play Store. Unatumiwa faili na shemeji. Agosti 2021 Kaspersky walieleza kwamba toleo moja la FMWhatsApp lilikuwa limebeba Triada, kirusi kinachoweza kuonyesha matangazo na kumwandikisha mtu kwenye huduma za kulipia bila kuulizwa. Umetaka kujua siri za mwenzako. Kuna mwingine ametaka kujua zako, mko sawa.

Na kuna waliokipata kirusi hicho hata bila kubonyeza chochote. Agosti 2020 kampuni ya Upstream ilitangaza kwamba simu za bei nafuu za Transsion, hasa Tecno W2, zilikutwa na Triada na mwenzake xHelper vikiwa vimeingizwa tangu simu zilikotoka. Mfumo wa Upstream ulikuwa umezuia miamala ya mashaka milioni 19.2 tangu Machi 2019, kutoka simu zaidi ya 200,000, wingi wake Misri, Ethiopia, Cameroon, Ghana na Afrika Kusini. Transsion ilisema tatizo lilitokana na mmoja wa wagavi katika mnyororo wa uzalishaji na kwamba marekebisho yalikwishatolewa. xHelper sifa yake ni moja: ukiirudisha simu kwenye hali ya kiwandani, inarudi nayo. Hapa kejeli yangu inapungua nguvu, maana mtu huyu hakuwa na haraka wala uroho. Alinunua simu aliyoimudu, akaweka vocha, vocha ikayeyuka, akamlaumu mtandao wa simu.

Yamebaki mambo yanayoweza kukuharibia kila kitu, uyaepuke. Usichague ile njia ya "wataalamu" wakati wa kusakinisha. Usifungue orodha ya viendelezi na kujiuliza hiki kilikujaje. Dirisha jekundu likiibuka, usifunge kivinjari chote kwa Meneja wa Kazi. Bonyeza ile alama ya X iliyochorwa ndani ya picha, ambayo nayo ni kiungo. Usiridhike na Defender ambayo Windows inakuja nayo, kwani haijawahi kumwomba mtu namba ya kadi na kwa hiyo haionyeshi nia. Matangazo yakifunika skrini ya simu, usiiwashe katika hali salama, ambamo programu ulizopakua hazifanyi kazi, usije ukagundua kwamba tochi uliyoiweka wiki jana ndiyo chanzo. Na usijiulize kwa nini tochi iliomba ruhusa ya kusoma SMS.

Kama umeshalipia antivirusi bandia, usipige simu benki kuifunga kadi. Tulia. Jina lako sasa limo kwenye orodha ya watu waliolipa, na orodha hizo huuzwa. Baada ya muda atapiga mtu mwenye sauti nzuri kutoka "kitengo cha marejesho", atakupa pole kwa yaliyokukuta, atasema wale walikuwa matapeli na fedha yako imepatikana. Atahitaji tu namba ya kadi, tarehe ya mwisho, na zile tarakimu tatu za nyuma.